Mguu Chini ya Mzigo wa Pamba

Vijana wangu wachoraji wa Bariadi, mliponifuata nyumbani mkaniomba niwaandikie vituko vya jarida la Ndimu, nilijua mnataka kucheka. Si vibaya. Lilikuwa jarida la vichekesho, na sisi tuliolichora tulicheka kuliko waliolinunua. Vicheko hivyo nitawapa, maana vipo. Ila nimefika umri ambao mtu akianza kusimulia kazi yake hachagui kinachotoka, na mengi yanayotoka kwangu ni machungu.

Ndimu lilikuwa linatoka Maswa kila baada ya wiki mbili, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Rashidi. Bwana Rashidi alikuwa na mashine ya kuchapa. Kazi yake hasa ilikuwa kuchapa stakabadhi za pamba na mitihani ya shule, na sisi tulizaliwa kutokana na karatasi zilizobaki. Alipenda sana utani, yeye mwenyewe akichorwa alibandika mchoro dukani wateja wauone. Jarida lilikwenda na mabasi hadi Bariadi na Shinyanga, likauzwa stendi na minadani, na msimu wa pamba likauzwa kwenye vituo vya kununulia, ambako mkulima alikuwa anakaa kutwa nzima akisubiri zamu ya kupima.

Wachoraji tulikuwa wawili. Mkubwa wangu alikuwa Masunga, mtu wa Nkololo, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kulamba nibu, ile ncha ya kalamu, kabla ya kuichovya kwenye wino, hata mdomo wake wa chini ukawa na doa jeusi ambalo halikutoka tena. Mimi, Nkwabi, nilikuwa kijana wake wa kazi mwenye mkono mwepesi na kichwa kizito. Maneno ya kwenye michoro aliyaandika Leokadia, dada mmoja mwenye hati kama ya mwalimu mkuu, ambaye alikuwa anatusahihisha Kiswahili chetu cha Kisukuma bila huruma. Tulikuwa tukiandika "nalikuwa naendaga", yeye anafuta anasema hatuko kisimani hapa.

Nitawasimulia habari ya ng'ombe kwanza, kwa sababu mkiielewa hiyo mtaelewa na yaliyofuata.

Toleo moja Masunga alichora mnada. Mbele kabisa akaweka ng'ombe mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea jichoni, na ubavuni baka jeupe lenye umbo la jembe. Baada ya siku chache akaja mzee mmoja kwa baiskeli kutoka mbali, jasho linamtiririka, jarida mkononi. Alitaka kujua ni nani aliyetoa ruhusa ng'ombe wake achorwe. Masunga alidhani anataniwa, akatania naye, mzee akazidi kukasirika. Kumbe alikuwa amewaambia wakwe zake kwamba ng'ombe yule alishakufa kwa ugonjwa, ili asimtoe kwenye mahari, na wakwe walikuwa wamemwona akiwa mzima ukurasa wa mbele, pale stendi ya Bariadi. Leokadia alicheka hadi akatoka nje kuvuta pumzi. Masunga alimpa mzee chai, akamwomba radhi kwa heshima zote, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi hakuwa anacheka.

"Nkwabi," aliniambia, "huku kwetu hata ng'ombe anajulikana kwa sura. Ukitaka kumchora mwizi, mtengeneze kichwani mwako. Usiazime sura ya mtu."

Nilisema ndiyo. Nilikuwa nasema ndiyo haraka sana siku zile.

Kazi alinifundisha vizuri. Mchoraji mvivu, alisema, huanza na pua, kwa kuwa pua ndiyo inayojileta. Yeye alianza na umbali: kutoka sikio hadi bega, kutoka pua hadi mdomo wa juu. Pua kubwa wanazo wengi, umbali ni wa mtu mmoja. Alinitaka nimtazame mtu mara tatu kabla sijashika kalamu: akiwa amekaa, akiwa anakula, na akiwa anaondoka asijue kama anatazamwa. Chini ya kiganja tuliweka kipande cha kanga ili jasho lisiharibu karatasi. Ukikosea, ulikuwa unakwangua wino kwa wembe mpya, umeulaza, kisha unasugua pale kwa ukucha, la sivyo karatasi itakunywa wino na mstari utavimba. Ninyi mnabonyeza tu na kosa linapotea. Siwaonei wivu. Kosa lililokuwa linakwanguliwa lilikuacha na muda wa kulifikiria.

Basi, msimu mmoja malalamiko ya mizani yalijaa kila kona. Wakulima walisema kilo zinapotea, na hakuna aliyejua zinapotelea wapi. Bwana Rashidi akataka ukurasa wa mbele uwe juu ya mizani. Masunga alikuwa amekwenda Nkololo kumzika mama yake, kwa hiyo ukurasa ukaja kwangu, wa kwanza kuuchora peke yangu.

Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimesafiri na mzigo wa majarida hadi kijiji kimoja upande wa Zagayu. Kituoni pale nilimwona karani wa mizani anaitwa Ngasa. Mwanadamu yule aliumbwa kwa ajili yetu. Shingo ndefu yenye kongoromeo lililotokeza kama goti, masikio yaliyosimama, bega moja limeshuka, na koti la mvua la kijani alilovaa hata jua likiwa kali. Nilimtazama nikiwa nimekaa juu ya mzigo wangu, nikacheka peke yangu, nikaondoka naye kichwani.

Hakuna mtu aliyekuwa amemlalamikia Ngasa. Nataka hili mlielewe vizuri, kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Siku ile nilisikia wakulima wawili wakisema afadhali wapime kwake kuliko kwingine. Nilihitaji sura tu, na yake ilikuwa tayari.

Nilimchora akisoma mizani kwa uso wa mcha Mungu, huku mguu wake mmoja umejipenyeza chini ya mzigo wa pamba unaoning'inia, ukiunyanyua ili kilo zipungue. Mguu niliufanya mkubwa kama jembe la kukokotwa na ng'ombe, kila kidole kinatabasamu. Bwana Rashidi alicheka akashika ukuta. Leokadia aliuliza huyu ni nani. Nikamwambia si mtu, nimemtunga. Akaniangalia kidogo, akaandika maneno yake.

Toleo lile liliisha upesi kuliko lolote kabla yake. Nilitembea Maswa nikiwasikia watu wakiigiza ule mguu, nikajiona nimekuwa mtu.

Kituoni kwa Ngasa jarida lilifika asubuhi, kabla mizani haijafunguliwa. Wanasema alikuwa wa kwanza kucheka, akanunua nakala yake. Kisha mkulima mmoja akaomba mzigo wake upimwe mara ya pili. Wa pili naye akaomba. Mtu akasema watu wa magazeti hawachori bure, lazima kuna jambo wamelijua. Kabla ya wiki kwisha walikuwa wanamwita Magulu, yaani Miguu, na watoto walimfuata njiani wakichechemea. Chama chao cha ushirika kikamtoa kwenye mizani. Kisha sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakaita mkutano. Ngasa alikana, akaulizwa kwa nini basi yupo gazetini. Ni nani angekuwa na jibu? Wakamtenga.

Ninyi wa mjini huenda hamkujui kutengwa. Mtu aliyetengwa hasalimiwi. Haombi moto kwa jirani. Mashine haimsagii unga. Mke wake anasubiri wenzake wote wachote maji waondoke ndipo asogee kisimani. Mtu akikosea akamjibu salamu, naye anatozwa faini. Yote hayo kwa karatasi moja niliyoichora huku nikinywa chai.

Habari ililetwa na Masunga mwenyewe. Alikuwa anarudi kutoka msibani, akaisikia Bariadi stendi, na alipoingia chumbani hakunisalimia. Aliweka jarida mezani, akaweka kidole juu ya shingo ya Ngasa.

"Huyu umemtoa wapi?"

Nikamwambia. Hakugomba. Alikwenda dukani kwa Bwana Rashidi, akamtaka achape maelezo kwamba sura ile ni ya mtu asiye na hatia. Bwana Rashidi alikataa, na sababu yake haikuwa ya kipumbavu: alisema tukiomba radhi kwa mchoro huu, kesho kila mkubwa tuliyemchora atakuja kudai ya kwake, na jarida litakufa. Masunga akarudi, akaniambia nijiandae, kesho yake asubuhi tungekwenda wote wawili kule kijijini nikaseme mbele ya mkutano.

Asubuhi ile nilimwambia nina homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimelala chali nikifikiria fimbo za sungusungu. Masunga alisimama mlangoni kwangu akiwa ameshika baiskeli, akanitazama kwa muda, nadhani alinitazama zile mara tatu zote kwa mpigo. Akasema pole, akaondoka peke yake.

Yaliyotokea kule niliyasikia kwa wengine. Alisimama mbele ya mkutano akasema sura ile iliazimwa bila sababu, kwamba Ngasa hakuwahi kutajwa na yeyote. Wakamuuliza ni nani aliyeichora. Akasema ni yeye.

Wakamtoza ng'ombe, akamtoa kwenye zizi lake la Nkololo. Ngasa akafunguliwa, lakini kufunguliwa kwenyewe kulikuwa kwa maneno tu. Salamu ikishanyimwa kwa wiki kadhaa, hairudi na ladha yake. Kwenye mizani hakurudishwa. Kabla ya mvua nyingine alihamia Meatu na familia yake.

Viongozi wa kile chama nao wakaja Maswa kulalamika kwamba kituo chao kimechafuliwa. Walikuwa wateja wakubwa wa stakabadhi. Bwana Rashidi, aliyependa utani, alijua mkono ulikuwa wangu, lakini wao walimtaka aliyekiri mkutanoni, akamwachisha Masunga kazi.

Nilikuwepo alipokuwa anakusanya vitu vyake. Tulikuwa wawili tu chumbani, mlango umefungwa. Ningeweza kutoka nikatembea hatua ishirini hadi dukani nikamtaka Bwana Rashidi awaambie wale viongozi ni mimi. Nilijiambia nitasema akimaliza kufunga mkoba. Alipomaliza aliniambia, "Wewe mama yako anakutegemea. Mimi nina shamba." Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, nami nikapita. Kiti chake nilikikalia kesho yake. Leokadia alikaa wiki mbili nyingine, kisha akaacha. Siku ya mwisho alisahihisha kosa langu moja la tahajia, akafunika wino, akaenda.

Baada ya hapo, vijana, nilipata jina. Hayo ndiyo mliyoyasikia. Nilichora miaka mingi, nikawa nasimamishwa stendi kusalimiwa. Tukaacha karatasi za nta tulizokuwa tunahamishia michoro ya kuchapa, zikaja mashine za kisasa, nikajifunza kompyuta nikiwa na miwani. Kisha simu zikaingia mifukoni mwa watu na Ndimu likawa linarudi na mabasi kama lilivyokwenda. Bwana Rashidi alifariki, watoto wake wakalifunga, na chumba chetu sasa ni stoo ya saruji. Sikulia. Nilichoka zamani.

Naziona kazi zenu kwenye simu za wajukuu wangu. Mna mikono mizuri. Wiki iliyopita nililetewa stika ya mama mmoja wa sokoni hapa Bariadi, amefanywa chura, na kila kundi linaituma. Mjukuu wangu alicheka, na mimi nilicheka kabla sijajizuia. Nikamuuliza yule mama amefanya nini. Hakujua. Alisema ana sura ya hivyo tu.

Masunga alirudi Nkololo akawa anaandika mabango: bucha, saluni, mashine za kusaga. Nilikuwa nikipita naona ng'ombe wa ukutani aliyekaa sawasawa kwenye miguu yake yote minne, najua ni mkono wa nani, nageuza uso. Tulikutana mara moja tu, mnadani. Alinisalimia kwa furaha, akaniuliza mkono wangu unaendeleaje, akaniambia mistari yangu imekuwa migumu mno kwenye nguo. Alikuwa bado ananifundisha. Nilimshukuru nikasema nina haraka.

Alifariki mwaka jana. Nilikwenda kuzika. Wasifu wa marehemu ulisomwa, na ndani yake kulikuwa na sentensi moja kwamba aliondoka kazini Maswa baada ya mchoro uliomuumiza mtu asiye na hatia, jambo lililomsikitisha maisha yake yote. Kisha msemaji akasema yupo hapa mchoraji mwenzake, maarufu, mnamfahamu, aje aseme neno. Nikapewa kipaza sauti.

Nilisifu mkono wake. Nilisema alivyokuwa akilamba nibu. Nikasimulia habari ya ng'ombe mwenye pembe iliyopinda, na waombolezaji walicheka kwa adabu, wakafarijika. Nikakaa. Watu walinishika bega wakisema nimezungumza vizuri.

Wakati wa chakula, binti yake Mhoja, ambaye ni mwalimu hapa hapa Bariadi, alikuwa anazungusha maji ya kunawa. Alipofika kwangu aliinama, akanimiminia, akasema kwa sauti ya chini isiyo na hasira:

"Baba alituambia ni wewe. Alitukataza kukuuliza. Alisema siku moja utapewa nafasi, utasema mwenyewe."

Akanipa kitambaa nikajifuta mikono, akasogea kwa mtu wa pili.

Sikula. Wiki iliyofuata nilipanda pikipiki hadi upande wa Zagayu. Ngasa nilijua amekufa kule Meatu, lakini mkewe alikuwa amerudi kuishi kwa mwanawe mkubwa. Nilimkuta uani anachambua mawe kwenye choroko, mama mwembamba, mkavu. Nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani mama, akaitikia, akanipa kigoda. Nikamweleza yote, kuanzia siku niliyokaa juu ya mzigo wa majarida hadi kipaza sauti cha Nkololo. Mikono yake haikuacha kuchambua. Nilipomaliza aliniuliza nilikuwa na umri gani wakati ule.

"Ishirini na minne, mayu."

"Huyu mwanangu ninayeishi kwake alikuwa na miezi sita," alisema. "Tulitengwa naye."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alijiinua, akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo mlikuwa na lile jarida, limekunjwa hadi mikunjo imeanza kukatika. Ni ile nakala aliyoinunua Ngasa mwenyewe. Wajukuu wakasogea mara moja, walikuwa wanalijua. Mdogo kabisa akaweka kidole kwenye mguu wenye vidole vinavyotabasamu akacheka, na wenzake wakacheka, wakaniambia huyu ni babu.

Nilitazama chini. Baada ya miaka yote ile mchoro ulikuwa bado unachekesha.

Mama yule aliniambia mumewe hakuwa amewahi kupigwa picha, na baada ya yale alikataa kabisa. Harusi ya binti yao alikaa jikoni mpaka mpiga picha alipoondoka. Hawana sura yake nyingine popote. "Hii tu," alisema. "Wewe ni fundi. Nichoree yeye, bila huo mguu."

Nilimwambia ndiyo. Nilifurahi, nisifiche, nilidhani nimepata kazi ambayo itanitoa kwenye hatia ile. Nilirudi Bariadi nikatoa kalamu za zamani, wino, na kitambaa chini ya kiganja. Shingo ilikuja. Masikio, bega, koti la mvua, vyote vilikuja vyenyewe, mkono unavikumbuka. Uso haukuja. Kwenye mchoro wa zamani macho nilikuwa nimeyapiga mistari miwili, nikayamaliza hapo, na sasa nilikuwa nahitaji macho. Nilikaa na karatasi wiki sita. Niliweka macho ya marehemu baba yangu, nikayakwangua. Niliweka ya Masunga, nikayakwangua, karatasi ikatoboka. Nilimtazama Ngasa mara moja tu, na nilitazama kile kilichonichekesha.

Mwisho nilichukua ule uliokuwa afadhali, nikaupeleka. Mama alifuta mikono kwenye kanga kabla ya kuupokea. Aliuweka juani, akauinua, akausogeza mbali kidogo kama wafanyavyo watu wenye macho ya uzee. Alinishukuru. "Wabeja," alisema. "Ni mzee mzuri. Lakini simjui."

Akanirudishia. Kisha akatoa lile jarida kwenye kopo, akalilaza juu ya goti, akalikunja chini ya kiuno cha Ngasa ili mguu na mzigo wa pamba viende nyuma, akapitisha ukucha kwenye mkunjo mara mbili. Akalitazama hivyo kwa muda, akalirudisha kwenye kopo, akafunika.